Maswali Yenu, Majibu Yetu: Miguu Baada ya Mbio Ndefu

Kila mwaka, mbio za Kilimanjaro zinapomalizika mjini Moshi, safu hii hupokea barua nyingi zenye kilio kimoja: mapaja yanauma, ngazi hazishukiki, na kila rafiki ana dawa yake. Tumechagua barua chache kati ya hizo, tumezifupisha bila kugusa maana yake, na tumemwachia daktari wetu azijibu kwa urefu ambao kila moja inastahili.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, ninaishi Dar es Salaam na ni mwanachama wa klabu ya jogi ya mtaani kwetu. Jumapili nilikimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro. Nilimaliza nikiwa na uchovu wa kawaida tu, na jioni ile nilizunguka mjini Moshi bila taabu. Jumatatu asubuhi mapaja yakaanza kuuma, na Jumanne hali ikawa mbaya kiasi kwamba nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume huku nikishikilia ukuta. Wenzangu wananiambia kwamba ni asidi iliyobaki kwenye misuli na kwamba ninapaswa kukimbia tena kwa nguvu ili niitoe. Je, ni kweli? Na kwa nini maumivu yalingoja hadi siku ya pili? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba, na pole sana. Unachokieleza ni maumivu ya misuli yanayochelewa, na ratiba yake ni hiyo hiyo uliyoipitia: huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kazi nzito ambayo mwili haukuizoea, hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua yenyewe hadi kuisha ndani ya wiki moja hivi. Jumanne ndiyo ilikuwa siku yako mbaya, na kwa jinsi magazeti yanavyochelewa kuchapwa, nadhani utakaposoma jibu hili utakuwa umeshaanza kupanga mbio nyingine.

Habari ya asidi ni ya zamani na imekataa kufa. Ni kweli kwamba mtu anapokimbia kwa kasi misuli yake hutoa laktiki, ndiyo hiyo asidi wanayoisema wenzako, kwa wingi, lakini baada ya kusimama kiwango chake kwenye damu hurudi katika hali ya kawaida ndani ya saa moja au zaidi kidogo, kwa sababu moyo, ini na misuli yenyewe huichukua na kuitumia. Kitu kilichokwisha kuondoka Jumapili mchana hakiwezi kukuumiza Jumanne. Mwanafiziolojia wa Marekani, Theodore Hough, aliandika mwaka 1902 kwamba maumivu ya namna hii yanaelekea kutokana na michaniko midogo ndani ya msuli. Mwaka 1983 watafiti wengine wa nchi hiyo hiyo walilinganisha kukimbia kwenye mashine tambarare na kukimbia kwenye mashine iliyoinamishwa mfano wa mteremko. Kwenye tambarare laktiki ilipanda lakini misuli haikuuma siku zilizofuata. Kwenye mteremko laktiki haikupanda kwa kiasi cha maana, na huko ndiko maumivu yalikotokea.

Mteremko huo ndio unaokuhusu wewe. Njia ya nusu marathoni ya Kilimanjaro hutoka Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, hupanda kuelekea Mweka, kisha hurudi mjini kwa kushuka kilomita nyingi. Wakimbiaji wengi huogopa kule kupanda, ambako pumzi hukatika, na hufurahia kushuka, ambako saa mkononi inaonyesha kasi ya kupendeza. Misuli huhesabu kinyume chake. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi kwa kujikaza na kufupika. Unaposhuka, msuli huo huo hulazimika kujikaza huku ukirefushwa, ili goti lisikunjike chini ya uzito wako kila mguu unapotua. Kwa maneno mengine, unafanya kazi ya breki za lori linaloshuka Kitonga. Kazi hiyo haitumii pumzi nyingi, na ndiyo maana hukuihisi, lakini huvuruga mpangilio wa nyuzi ndogo sana ndani ya msuli, zile zinazoonekana kwa hadubini tu. Baada ya hapo mwili hupeleka maji na chembe za kinga mahali palipoumia, uvimbe mdogo hutokea, na miisho ya neva inakuwa nyepesi kuhisi hata mguso ambao siku nyingine usingeujali. Mchakato huo huchukua saa nyingi, na huko ndiko kuchelewa kwa maumivu kunakotoka.

Kwa hiyo usishangae kwamba mtu aliyekimbia umbali ule ule kwenye barabara tambarare ya Dar es Salaam, tena kwa kasi kuliko yako, kesho yake alitembea vizuri. Huko Afrika Kusini kuna mbio za Comrades, karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, ambazo kwa kawaida hubadilishiwa mwelekeo, mwaka mmoja kupanda na mwingine kushuka, na wakongwe wake hukubaliana kwamba mwaka wa kushuka ndio unaoacha miguu mibovu zaidi. Hata kwenye marathoni ya Boston huko Marekani, ambako Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa alikuwa wa pili mara 3 mfululizo kuanzia 1988 hadi 1990 na Alphonce Simbu akawa wa pili mwaka 2025, mahali pa kuanzia pako juu ya mahali pa kumalizia kwa zaidi ya mita 130, na wageni wa mbio hizo huonywa mapema wasiteremke kwa pupa kilomita za mwanzo.

Ushauri wa kukimbia kwa nguvu ili kutoa asidi usiufuate, kwanza kwa sababu hakuna asidi ya kutolewa, na pili kwa sababu msuli ulioumia umepoteza sehemu ya nguvu zake. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba nguvu hizo huweza kurudi polepole kuliko maumivu yanavyoondoka. Siku ya tano unaweza kujisikia mzima kabisa huku paja lako bado halina uwezo wa kulilinda goti, na mtu anayelazimisha mbio kali wakati huo huishia kuumia goti au kifundo cha mguu, kisha husema mbio ndefu ni mbaya. Tembea dakika 20 hadi 30 kwenye ardhi tambarare kila siku, au panda baiskeli bila kukazana, au kama uko karibu na bahari ingia majini asubuhi uogelee taratibu. Utaona kwamba maumivu hupungua ukiwa kwenye mwendo na hurudi kiasi ukikaa. Nafuu hiyo ni ya muda, lakini ni ya kweli na haina madhara. Na ngazi uendelee kuzishuka kinyumenyume kama mwili unaona hivyo ni rahisi, ila ushike reli badala ya ukuta.

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 51 na ninatumia dawa za shinikizo la damu. Kabla ya mbio, mwenzangu alinipa kidonge cha diklofenaki ili nisihisi maumivu njiani. Baada ya mbio nimeendelea kumeza asubuhi, mchana na jioni kwa siku kadhaa. Nilinunua duka la dawa bila cheti cha daktari. Miguu imepata nafuu kidogo lakini tumbo linachoma. Je, niendelee, au nikachome sindano ili nisisumbue tumbo? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Nzuri, kaka yangu. Hapana kwa yote mawili, na ninakuomba uache leo.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni ndugu wa ukoo mmoja. Zote hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, lakini kemikali hizo zina kazi nyingine muhimu: hulinda ukuta wa tumbo, na husaidia mishipa ya figo ibaki wazi pale damu inapopungua. Katika mbio ndefu, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli na kwenye ngozi, mwili hupoteza maji kwa jasho, na figo hubaki na mgawo mdogo. Katika saa hizo ndipo figo huhitaji ulinzi wake kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo watu humeza kidonge kinachouondoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa kwa wakimbiaji wa mbio za siku nyingi jangwani, ulikuta dalili za figo kuumia kwa uwiano mkubwa zaidi miongoni mwa waliomeza ibuprofeni kuliko miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kwako wewe kuna jambo la ziada. Dawa hizi hupandisha shinikizo la damu na hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za shinikizo, na zikichanganywa na dawa za kuongeza mkojo au zile zinazolegeza mishipa kupitia figo, hatari kwa figo huongezeka. Diklofenaki pia haifai kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Nenda ukapimwe shinikizo wiki hii, na umwambie daktari anayekutibu kila kidonge ulichomeza, pamoja na kile ulichopewa bure. Tumbo linalochoma lichukuliwe kwa uzito: ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu au kitu kinachofanana na unga wa kahawa, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Sindano haikuepushi na lolote. Dawa inayoingia kwa sindano hufika kwenye damu ile ile, kwenye figo zile zile, na hata tumboni huleta vidonda, kwa kuwa madhara yake hayatokani na kugusana na utumbo pekee. Nasikitika kusema kwamba katika miji yetu sindano ya diklofenaki imekuwa kama heshima anayopewa mgonjwa anayelalamika sana, na wakimbiaji hawajaachwa nyuma.

Kama maumivu yanakunyima usingizi, parasetamoli inatosha: kwa mtu mzima mwenye ini zima, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 katika saa 24, bila kuchanganya na pombe, na kwa siku chache tu. Angalia pia dawa zako za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani yake na mtu hujikuta amezidisha kipimo bila kujua.

SWALI: Daktari, kaka yangu alikimbia marathoni nzima, kilomita 42, bila mazoezi ya kutosha. Leo ni siku ya pili. Mapaja yamevimba na kuwa magumu, hawezi kusimama bila kushikwa, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Anasema ni uchovu tu na anataka alale. Tufanye nini? (Dada mwenye wasiwasi, Mbezi)

JIBU: Tulikujibu kwa simu mara tulipoipata barua yako, kwa sababu jambo hili haliwezi kungoja gazeti. Tunalichapa jibu kwa ajili ya wengine.

Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au ya soda nyeusi, ukifuatana na misuli iliyovimba na udhaifu mkubwa, ni dharura. Maana yake ni kwamba nyuzi nyingi za misuli zimevunjika kwa pamoja na kumwaga protini yake kwenye damu. Protini hiyo hupita kwenye figo, na ikizidi huweza kuzifanya zishindwe kazi. Mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye maabara inayoweza kupima figo, chumvi za damu na kimeng'enya cha misuli, naye kwa kawaida huwekewa dripu za maji kwa wingi. Akiwahi, wengi hupona kabisa. Asipewe diklofenaki wala ibuprofeni njiani. Mkojo wa njano iliyokolea ni jambo tofauti: huo huonyesha upungufu wa maji, na husafika baada ya kunywa na kupumzika kwa saa chache.

Watu waliorithi vinasaba vya selimundu (sikoseli) kutoka kwa mzazi mmoja, ambao kwa kawaida huishi maisha yao yote bila ugonjwa, wana hatari kubwa kiasi ya kupatwa na hali hii wanapojilazimisha kwenye joto. Katika nchi yetu watu hao si wachache, hasa Kanda ya Ziwa. Hilo halimaanishi wasikimbie. Maana yake ni kwamba waongeze umbali polepole, wasiruke mazoezi, na wasidharau mkojo mweusi.

Kwa kuwa tumeshafika kwenye hatari, niongeze nyingine mbili. Misuli iliyochoka haileti homa kali wala kutetemeka. Mtu akirudi kutoka mbioni mwili wote ukimuuma, akapata homa, apimwe malaria badala ya kuchuliwa. Na wanaotoka nyanda za juu zenye baridi kwenda kukimbia maeneo yenye mbu wakumbuke kwamba malaria huchukua wiki moja au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi kujitokeza, hivyo homa ya wiki mbili baadaye bado inahusu safari ile. Hatari ya pili ni basi. Kukaa saa nyingi kutoka Moshi hadi Dar es Salaam, miguu imechoka na mwili umepungukiwa na maji, kunaweza kufanya damu igande kwenye mshipa wa mguu. Basi likisimama Korogwe watu wakashuka kula, nawe ushuke utembee, hata kama mapaja yanakusihi ubaki kwenye kiti. Maumivu ya kawaida huwa kwenye miguu yote miwili. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa na joto na kuuma kuliko kingine, au ukipata shida ya kupumua na maumivu ya kifua, nenda hospitali.

SWALI: Bibi yangu hunikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kocha wangu anasema niingie kwenye barafu, na rafiki yangu anasisitiza kunyoosha viungo nusu saa kila siku. Mwingine ananichua kwa dawa ya kupaka hadi ninapiga kelele. Yupi kati yao yuko sahihi? (Mkimbiaji, Tanga)

JIBU: Kila mmoja ana sehemu yake, isipokuwa huyo anayekufanya upige kelele.

Tuanze na kocha. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliokusanya majaribio 17 madogo ulionyesha kwamba kujitumbukiza kwenye maji baridi baada ya mazoezi hupunguza maumivu katika siku zinazofuata, ukilinganisha na kupumzika tu. Maji yanayozungumzwa ni ya nyuzi 10 hadi 15 hivi, kwa dakika 10 hadi 15. Maji ya bomba ya Tanga mwezi Machi hayakaribii baridi hiyo hata alfajiri. Ukitaka kufuata ushauri wa kocha utahitaji kununua barafu ile wanayouziwa wachuuzi wa samaki, kujaza beseni kubwa au pipa, na kukaa humo hadi kiunoni huku mtu akikutazama. Ni gharama na usumbufu kwa nafuu ya kiasi, na kama una ugonjwa wa moyo usijaribu. Mimi binafsi siwashauri wakimbiaji wa kawaida wajisumbue. Anayekimbia tena baada ya siku mbili kwa sababu za mashindano ndiye anayeweza kuona faida.

Bibi yako hajakosea. Joto hulegeza misuli iliyokakamaa na humfanya mtu ajisikie vizuri, ingawa haliharakishi kupona kwa nyuzi zenyewe, na chumvi ndani ya maji hayo haiongezi chochote ninachoweza kukuahidi. Angoje tu hadi siku ya pili, na maji yasiwe ya kuunguza, kwa sababu msuli uliojaa uvimbe siku ya kwanza hautaki kuongezewa damu kwa nguvu.

Kuchua kunasaidia kupunguza maumivu kwa siku chache, lakini kwa mkono mwepesi, kutoka kwenye kifundo kuelekea nyongani, kwa dakika 20 au 30, na dawa ya kupaka ni kilainishi tu chenye harufu na joto la juu juu. Mchuaji anayedhani kwamba maumivu ni fundo la kufunguliwa kwa kidole gumba huongeza jeraha juu ya jeraha.

Kunyoosha viungo ndiko kunakosifiwa kuliko kunavyostahili. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2011, ulikuta kwamba kunyoosha kabla au baada ya mazoezi hupunguza maumivu haya kwa nukta chache tu katika kipimo cha nukta 100, kiasi ambacho mtu hawezi kukihisi. Ukipenda kunyoosha, nyoosha kidogo bila kuvuta hadi uume. Nusu saa hiyo ni bora ulale, kwa kuwa usingizi ni mojawapo ya nyakati ambazo mwili hufanya ukarabati wake mkubwa, na sijawahi kuona kocha akimwandikia mkimbiaji saa 9 za usingizi kwa msisitizo ule ule anaoweka kwenye barafu.

SWALI: Sisi watu wa Kibosho baada ya mbio tuna mtori na mbege. Mgeni mmoja ametuambia bila unga wa protini wa dukani misuli haiponi. Je, tubadilike? (Msomaji, Kibosho)

JIBU: Mtori ubaki, mbege isubiri.

Baada ya mbio ndefu akiba ya wanga kwenye misuli huwa imekaribia kuisha, na kuijaza huchukua siku nzima au mbili. Msuli uliochanika huchelewa zaidi, kwa sababu jeraha lenyewe huzuia sukari kuingia. Mtori una ndizi zenye wanga, nyama yenye protini, maji na chumvi, na unateremka kirahisi kwa mtu ambaye tumbo lake bado limevurugika. Sidhani kama kuna mtaalamu wa lishe ambaye angewapangia wakimbiaji mlo bora kuliko huo. Mlo wa kwanza uwe ndani ya saa mbili baada ya kumaliza, wenye protini gramu 20 hadi 30. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa karibu 15. Mayai 2 na glasi ya maziwa yanakufikisha hapo bila kununua kopo lolote, na anayekula wali na maharage, au ugali na dagaa, milo mitatu kwa siku hana haja na unga wa dukani.

Kuhusu mbege, na bia vilevile: pombe huchelewesha kurudisha maji mwilini, huharibu usingizi, na utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kunywa sana baada ya mazoezi hupunguza ujenzi wa misuli hata kama mtu amekula protini ya kutosha. Kesho yake kibuyu bado kitakuwepo.

Maji nayo yanywewe kwa kiu. Ushauri wa kunywa kwa kujilazimisha umewahi kuua watu, kwa kuwa maji yakizidi hupunguza chumvi ya damu na ubongo huvimba. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na chumvi iliyoshuka kupita kiasi. Wasomaji wa pwani wanaopenda madafu wajue kwamba yana potasiamu nyingi lakini chumvi kidogo, hivyo yanywewe pamoja na chakula, yasiwe badala yake.

SWALI: Nilikimbia kilomita 42 Moshi na baada ya wiki tatu nimejiandikisha kwenye nusu marathoni nyingine. Miguu sasa haiumi. Je, nikimbie? Na mwakani nifanye nini ili nisiteseke tena? (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

JIBU: Hongera sana, mama. Kuna kanuni ya zamani isemayo kwamba kwa kila maili uliyoshindana upumzike siku moja bila mbio kali, na inanasibishwa na Jack Foster wa New Zealand, aliyepata medali ya fedha ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974 mjini Christchurch akiwa na miaka 41. Ni michezo ile ile ambayo Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Marathoni ni maili 26, kwa hiyo kwa hesabu ya Foster wiki tatu hazitoshi. Kanuni hiyo haikutoka maabara, lakini kwa wakimbiaji wasioishi kwa mbio naiona ina busara. Siku 4 za kwanza tembea tu. Wiki ya pili kimbia taratibu dakika 20 hadi 40, siku moja ndiyo na nyingine hapana. Kwenye hiyo nusu marathoni, nenda ukimbie na rafiki yako mnazungumza, bila kutazama saa, au uombe kuhamishiwa kilomita 10. Kama kuna mahali pamoja penye maumivu makali, hasa ukibonyeza mfupa wa ugoko, basi usikimbie kabisa hadi upimwe, kwani huo unaweza kuwa ufa wa mfupa, nao hautibiwi kwa ujasiri.

Kuhusu mwakani, mwili wenyewe umekwisha kukusaidia. Msuli uliopitia maumivu haya mara moja hujijenga upya kwa namna inayovumilia kazi ile ile, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Ndiyo maana watu wa Mweka na Uru wanaoshuka na mizigo kwenda sokoni hawachechemei siku ya pili. Kinga hiyo unaweza kuitafuta kwa makusudi kabla ya mbio. Miezi miwili kabla, mara moja kwa wiki, tafuta mteremko wa wastani. Dodoma haikosi vilima, wa Dar es Salaam waende Pugu na Kisarawe, wa Morogoro wanajua wenyewe. Anza kwa kuteremka dakika 5 kwa jumla, kwa hatua fupi na za haraka, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na uongeze dakika chache kila wiki hadi ufike 20. Mara ya kwanza utaumwa kidogo siku ya pili, mara ya tatu hutaumwa. Mteremko wa mwisho uwe siku 10 hadi 14 kabla ya mbio, ili misuli iwe imepona na kinga bado ipo. Na siku yenyewe, ukishageuza Mweka na barabara ikaanza kukuvuta kuelekea mjini, ufupishe hatua.